Shati Lisilo na Mlango

Shati lenyewe bado lipo. Limekunjwa ndani ya kopo la biskuti juu ya kabati, chini ya mabaki ya vitambaa na mkasi uliopoteza makali, na kila Mama Vifungo akilitoa huanza kucheka kabla hajalikunjua. Ni shati dogo la shule, la mtoto wa miaka minane, jeupe lililogeuka rangi ya maziwa yaliyotiwa chai. Lina vifungo vitano kifuani. Jaribu kukifungua hata kimoja, hutaweza.

Kisa cha shati hilo ndicho kisa cha mwanamke aliyeingia shule kwa siku moja akakaa miaka ishirini na sita.

Alikwenda kumpeleka mwanawe. Baba wa mtoto alifariki mtoto angali ananyonya, na mama na mwana wakabaki kuishi kwa wifi, dada wa marehemu. Wifi hakuwa mtu mbaya. Aliwalisha, aliwavisha, wala hakuwahi kuwapandishia sauti. Lakini mgeni akibisha hodi, neno lake lilikuwa moja: "Wifi, mpeleke kule nyuma." Kule nyuma kulikuwa na chumba cha magunia na baiskeli mbovu. Mtoto alikuwa amechelewa kutembea, akachelewa kusema, na hata alipotimiza miaka minane maneno yake ungeyahesabu kwa vidole vya mkono mmoja na kidole kikabaki. Siku moja hodi ilipigwa, na mama, kabla hajainuka, akamwona mwanawe anainuka mwenyewe, anakwenda kukaa kando ya baiskeli na kuuvuta mlango taratibu ukajifunga. Hakuna aliyemtuma.

Kesho yake mama akaanza kuulizia shule.

Shule ilikuwa ya watoto wa kila namna: wasioona, wasiosikia, wasiotembea, na wale ambao akili yao hufika, ila kwa mwendo wake. Mwalimu Mkuu alikuwa mwanamke mrefu, mkavu kama ufito, mwenye saa kubwa ya kiume mkononi. Alimtazama mtoto, akamtazama mama, akafungua daftari.

"Muhula mmoja wa majaribio," akasema. "Bweni lina watoto sitini na walezi wawili, mama. Muhula ukiisha nataka ale mwenyewe, aende msalani mwenyewe, avae mwenyewe. Akishindwa moja kati ya hayo, unarudi naye nyumbani. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mwalimu."

Mama akachukua kikapu chake, akageuka kwenda. Mtoto hakulia. Laiti angelia! Alikwenda taratibu nyuma ya geti, pale chuma kilipoacha upenyo kidogo na ukuta, akachuchumaa humo akajificha. Alidhani watu wa shule ndio wageni, na wageni wakija yeye hujificha.

Mwalimu Mkuu akaitazama saa yake muda mrefu kuliko mtu anayetaka kujua saa.

"Mama, cherehani unaijua?"

"Tangu nikiwa msichana."

"Fundi wetu ameolewa, ameondoka. Nina rundo la mashuka yaliyochanika mpaka darini. Kaa wiki moja."

Akakaa. Wiki ikazaa wiki. Chumba cha kushonea kilikuwa kidogo, kina harufu ya sabuni ya kipande na ya kitambaa kinachopigwa pasi ya mkaa, na dirisha lake lilitazama ukumbi wa bweni. Mpaka leo, akisikia harufu ya pasi ya moto juu ya shuka bichi, Mama Vifungo husimama kidogo alipo, kama mtu aliyeitwa na sauti ya zamani.

Jina la Bosi mtoto alilipata siku ya tatu. Alikuwa na mazoea ya kutembea mikono nyuma, tumbo mbele. Akaingia jikoni hivyo hivyo, akafunua sufuria ya kwanza, akanusa, akatikisa kichwa kwamba ni sawa, akaenda ya pili.

"Jamani!" mpishi akapiga ukelele. "Bosi kaja kukagua! Funikeni masufuria, kazi zetu zinakwenda!"

Tangu hapo hata Mwalimu Mkuu hakumwita vingine.

Maisha ya pale yalikuwa na taratibu zake, ambazo mtu wa nje angeziona za ajabu. Asubuhi kengele iligongwa, lakini kengele haimwamshi asiyesikia, kwa hiyo kijana mmoja kiziwi, jina lake Jogoo, alipita akitikisa miguu ya vitanda. Yeye Jogoo aliamshwa na nani, hakuna aliyejua. Kamba ilivutwa kutoka bweni mpaka madarasani kwa ajili ya wasioona, na ilikuwa na mafundo: fundo moja umefika darasani, mawili umefika jikoni, na fundo la jikoni lilikuwa limechakaa kuliko la darasani. Wasiosikia waliwasukuma wenye viti vya magurudumu, mbio, mpaka walezi wakafumba macho. Mtu akisifiwa mstarini, nusu ya shule ilipiga makofi na nusu ilipunga mikono juu, ndiyo makofi ya wasiosikia. Bosi alifanya yote mawili, kwanza hili kisha lile, ndiyo maana siku zote alimaliza wa mwisho.

Na alikuwepo Redio. Huyu alikuwa msichana wa miaka kumi, asiyeona tangu kuzaliwa, aliyeanza kusema akiamka na kunyamaza akilala, na wenzake wa bweni walisema hata usingizini alikuwa akisoma taarifa. Alimjua kila mtu kwa mlio wa nyayo. Bosi alimpenda kwa sababu Redio alisema kwa niaba ya wote wawili. Walitembea pamoja, mkono wake mmoja begani kwa Bosi, yeye akitoa habari na Bosi akitoa njia.

Kula, Bosi alijifunza ndani ya wiki mbili. Msalani, wiki ya tano. Kukabaki kuvaa, na ndani ya kuvaa kikabaki kitu kimoja tu, shati.

Kila asubuhi watoto walivaa ukumbini, na walezi walisimama mikono nyuma, Mwalimu Mkuu naye kando yao akiitazama saa yake. Ilikuwa amri: mlezi asimguse mtoto anayevaa. Mama, sindano mkononi, aliona yote dirishani. Bosi alianza na kifungo cha juu, akakipeleka kitundu cha pili, na kosa likashuka naye mpaka chini, kikabaki kifungo kimoja hakina pa kwenda. Anafungua, anaanza tena. Wenzake wanakwenda kunywa chai. Ukumbi unakuwa mtupu. Midomo inaanza kumtetemeka, machozi yanadondoka juu ya vidole vyake vifupi, na vidole vikilowa ndiyo kabisa havishiki kitu. Mlezi amesimama hapo hapo kama nguzo.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mzazi huyu alikuwa fundi. Jumamosi moja mchana, zikiwa zimebaki wiki tano, watoto wote wakiwa uwanjani, alifunga mlango wa chumba cha kushonea. Akachukua mashati mawili ya Bosi. Akaziba mbele kwa mshono wa ndani, kutoka chini hadi kifuani, akaacha nafasi ya kichwa tu, akatia lastiki nyembamba chini ya kola. Kisha akavirudisha vifungo vyote vitano juu yake, kila kimoja mahali pake. Kwa macho lilikuwa shati la shule kama mashati yote. Kumbe ni fulana.

Jumatatu Bosi alilitumbukiza kichwani mara moja, akatoka ukumbini wa kwanza. Wa kwanza! Alifika mezani chai ingali kwenye birika. Nusu ya shule ikapiga makofi, nusu ikapunga mikono. Mama dirishani alicheka na kulia kwa pamoja, na kama kulikuwa na mwiba ndani ya furaha ile, aliumeza.

Siku ya tatu tu, Redio akabisha.

"Hodi, mama fundi."

"Karibu, mwanangu. Leo huchezi?"

"Nimekuja kukuambia jambo. Shati la Bosi halina mlango."

Sindano ikamchoma mama kidole.

"Halina nini?"

"Mlango. Tulikuwa tunakwenda darasani nikajikwaa, nikamkamata kifuani. Vifungo vipo, lakini havifungui. Ulisahau kutoboa vitundu?"

Mama akaenda akafunga dirisha, akarudi akamshika mabega.

"Redio, unaweza kukaa na neno?"

"Neno gani?"

"Hilo hilo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka shule ifungwe."

Redio akafikiri. Kwake, kukaa na neno kulikuwa kama kwa mtu mwingine kukaa na kaa la moto mdomoni.

"Sawa," akasema mwishowe. "Lakini mama fundi, siku akipewa shati lenye mlango, atafanyaje?"

"Nenda kacheze."

Akaenda, akipapasa ukuta, na kwa mara ya kwanza tangu afike shuleni alikwenda bila kusema kitu.

Wiki zile zile foronya zikaanza kumtia mama wazimu. Foronya za chumba cha wagonjwa zilikuwa kubwa, zenye vifungo vitano upande mmoja, na kila baada ya chakula cha mchana moja ilipotea kwenye kamba ya kuanikia. Jioni inarudi, ina vumbi, vitundu vimelegea kama mdomo wa kibogoyo.

"Shule hii ina panya anayefungua vifungo," akamwambia mpishi.

"Panya wa vifungo!" mpishi akacheka mpaka kijiko kikamdondoka. "Basi usimtege. Akimaliza foronya aje anifungulie magunia ya unga."

Mama hakucheka. Alifua upya, akakaza vitundu, akaanika. Kesho yake ikapotea nyingine. Fundi mzima, macho mawili, hakujiuliza hata mara moja kwa nini foronya yenye vifungo vitano.

Ijumaa ya mwisho wa muhula, Mwalimu Mkuu alikaa bwaloni baada ya chai na daftari lake. Watoto wapya waliitwa mmoja mmoja mbele ya wenzao. Mama alijifanya anapita na mashuka mikononi, akaganda mlangoni.

"Bosi. Vua shati."

Likatoka kwa mkupuo mmoja, juu kwa juu.

"Vaa."

Likaingia kwa mkupuo mmoja. Mikono nyuma, tumbo mbele. Makofi, mikono juu. Mwalimu Mkuu hakuandika.

"Vua tena. Nipe."

Njia ya mwongo ni fupi, na hii haikuzidi urefu wa shati lenyewe. Mwalimu aligusa kifungo cha kwanza, akakivuta, kikakataa. Akagusa cha pili. Akaligeuza shati ndani nje, akapitisha kidole juu ya mshono toka chini mpaka kwenye lastiki. Bwalo likanyamaza, hata wasiosikia wakajua kuna jambo.

"Mama, njoo."

Mashuka yalibaki mlangoni.

"Kazi safi," mwalimu akasema. "Kwa nje nimeutafuta mshono siuoni."

"Mwalimu, kosa ni langu. Mtoto hajui kitu. Nilimwona analia kila siku, nikashindwa."

"Na mimi nilimwona. Wiki nane nilimwona. Ulidhani nikisimama pale ukumbini nilikuwa natazama saa?" Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililouma. "Wiki tano umemwondolea kulia. Na kujifunza umemwondolea pia. Sasa unataka niandike nini hapa?"

Mama alikiona mbele ya macho yake chumba cha magunia, akaiona baiskeli na mlango unaojivuta taratibu. Machozi yakamtoka mbele ya shule nzima. Na Bosi, kifua wazi, alimtazama mama yake, akamtazama mwalimu, akaanza kurudi kinyumenyume, hatua kwa hatua, kuelekea nyuma ya mlango wa bwalo.

"Bosi!" sauti ikapasuka kutoka meza ya mwisho. "Bosi, foronya!"

Bosi akasimama.

"Redio, nyamaza," mwalimu akasema.

"Nimenyamaza wiki tano, mwalimu! Siwezi tena!" Msichana alikuwa amesimama, ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. "Niliambiwa nikae na neno, nimekaa nalo. Lakini sikuambiwa nisimfundishe. Mpe shati lenye mlango!"

Mama akamgeukia Redio, na foronya zote zilizopotea zikamrudia kichwani kwa pamoja.

Mwalimu Mkuu akafungua kabati la sare, akatoa shati lenye vitundu vitano vya kweli, akalinyoosha mbele. Bosi akalipokea. Akakaa sakafuni, maana nyuma ya chumba cha kufulia, Redio alipomfundisha kwa foronya, walikaa chini. Akapitisha mkono wa kulia, akapitisha wa kushoto. Halafu akafumba macho.

"Anasinzia huyu?" mlezi akanong'ona.

"Hasinzii," Redio akajibu kutoka kule mbali. "Anatafuta."

Alifundishwa na asiyeona, basi alijua njia moja tu. Vidole vilishuka mpaka kwenye pindo, vikazikutanisha ncha mbili za shati, vikapanda kidogo mpaka kifungo cha chini kabisa. Ukianza juu unaweza kukosea usijue mpaka umefika mwisho. Ukianza chini, pindo linakuambia. Wazazi wenye macho hawalijui hilo. Kifungo cha kwanza kikaingia. Cha pili kikaingia. Cha tatu kikashika nusu kikakwama, uzi umezidi kwenye kitundu, na midomo ya Bosi ikaanza ule mtetemeko.

Mkono wa mama ulikwenda wenyewe. Hakuutuma, ulikwenda tu, kama unavyokwenda kwa kikombe kinachoanguka.

Bosi akausukuma.

"Bado!"

Neno hilo mama hakuwahi kulisikia kinywani mwake. Hakujua kama analo.

"Mikono nyuma, mama," Mwalimu Mkuu akasema kwa upole. Mama alipotazama, akaona mikono ya mwalimu iko nyuma, imeshikana, na vidole vyake vimekakamaa kwa kujizuia. Akairudisha yake. Kengele ya kipindi ikagongwa, na hata wanaosikia hawakuinuka. Chai iliyobaki vikombeni ikafanya utando. Cha tatu kikaingia. Cha nne. Cha tano, kile cha kwenye kola, kilimfanya anyanyue kidevu kama mtu anayenyolewa ndevu.

Kikaingia.

Bosi akafumbua macho. Hakucheka wala hakutafuta wa kumsifu. Aliinuka, akaweka mikono nyuma, akaanza kupita kati ya meza, akikagua.

"Funikeni masufuria!" mpishi akapiga ukelele kutoka jikoni, na bwalo zima likalipuka.

Mwalimu Mkuu akaandika mstari mmoja, akafunga daftari.

"Lile shati jingine ulifumue leo hii," akamwambia mama. "Hili hapa litunze. Na mashuka bado ni mengi. Nataka pia vitambaa vya kujifunzia, vyenye vifungo vikubwa, kila darasa vitano. Wiki moja yako haijaisha."

Ndipo akaitwa Mama Vifungo.

Likizo ile walirudi kwa wifi. Siku ya pili mgeni akabisha hodi, na wifi, kwa mazoea, akafungua mdomo: "Wifi, mpeleke..." Hakumaliza. Bosi alikuwa ameshafika mlangoni, shati limefungwa mpaka kola, ameufungua mlango, amesimama mikono nyuma, anamtazama mgeni toka unyayo mpaka utosi. Mgeni akaamkia. Wifi akaenda jikoni kuongeza kikombe, akakawia huko, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu.

Sasa Mwalimu Mkuu ameshatangulia mbele ya haki. Redio anapokea simu za hospitali moja kubwa, analipwa kwa kusema. Mwaka jana Mama Vifungo alipiga kuulizia daktari wa viungo, na kabla hajajitambulisha sauti ikamwambia, "Mama fundi! Una neno jingine nikae nalo?" Wakacheka mpaka watu wa nyuma kwenye foleni ya simu wakakasirika bila shaka. Shule yenyewe ina mashine za kufulia, na sare siku hizi ni fulana. Za kutumbukiza kichwani. Siku alipoziona mara ya kwanza, Mama Vifungo alikaa chini kwenye benchi la ukumbini akacheka peke yake, kisha akabaki akitazama ukumbi ambao hakuna tena aliyekawia ndani yake.

Bosi ana miaka thelathini na mitano. Anafanya kazi ya kukunja mashuka pale pale shuleni, na wanasema hakuna shuka linalopita kwake bila kukaguliwa.

Asubuhi wanatoka pamoja, yeye kazini na mama sokoni. Mama ana sweta la vifungo vitano. Jirani alimnunulia la zipu, akashukuru, akalitia kabatini. Vidole vyake vimekuwa vigumu kama vijiti vikavu. Hukaa kitandani, hufumba macho, hushuka mpaka kwenye pindo, huanza na cha chini. Bosi husimama mlangoni, viatu mguuni, mikono nyuma. Kengele ya shule huanza kusikika mbali.

"Mama."

"Bado."

"Haya," Bosi husema, na hubaki pale pale amesimama mpaka cha tano kiingie.